Usimtangulie mtoto: kwa mwalimu mpya wa fasihi anayeanza kazi Moshi

Mwalimu mwenzangu unayeripoti Moshi mwaka huu na kukabidhiwa vipindi vya fasihi, nakuandikia kuhusu aina moja tu ya riwaya: ile ya mtoto anayekua huku akihangaika kuielewa familia yake. Utakutana nayo mara kwa mara, kwa jina hili au lile, maana waandishi wetu wanaipenda. Ndiyo pia riwaya ninayoona ikiharibika darasani kuliko nyingine zote, tena kwa nia njema kabisa. Inaharibika pale mwalimu anapomtangulia mtoto.

Mtoto wa riwaya anaingia ukurasa wa kwanza akiwa hajui. Anaamini baba ataacha pombe, au mama aliyeondoka atarudi, au shule itawatoa wote kwenye dhiki. Sisi walimu tumeshasoma hadi mwisho, na mkononi tuna uchambuzi uliotolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimefifia. Basi siku ya kwanza tunaandika ubaoni: dhamira kuu, malezi mabaya, dhamira ndogondogo, ulevi, umaskini, nafasi ya mwanamke katika jamii. Wanafunzi wananakili, kengele inalia. Kuanzia hapo hakuna tena mtoto wa kumfuata. Darasa zima limeshajua baba ni mlevi kabla mtoto mwenyewe hajajua, na kila mtoto anapotumaini, wanafunzi wanamwona mjinga.

Mimi nasema si mjinga hata kidogo. Matumaini yake ndiyo yanayomfanya aangalie. Kwa kuwa anatumaini, anasikiliza baba anavyofungua mlango usiku na kujua kwa sauti ya komeo jinsi usiku utakavyokuwa. Kwa kuwa anatumaini, anakumbuka ile siku moja mama alipocheka na shangazi uani. Mtoto aliyekata tamaa haangalii tena, na riwaya yake ingeisha hapo. Yote tunayokuja kuyaita dhamira yameletwa kwetu na macho ya mtoto anayetaka jambo jema kwa watu wa kwao. Tukiyafumba macho hayo siku ya kwanza, tunabaki tukifundisha orodha.

Kwa hiyo fanya hivi tangu kipindi cha kwanza. Kila mwanafunzi apige mstari wima katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto aandike kile mtoto anachokijua au kukiamini kuhusu watu wa nyumbani kwake hadi mwisho wa sura mliyoisoma. Kulia aandike kile ambacho yeye msomaji ameshakishuku lakini mtoto hajakifikia. Kila sentensi iwe na namba ya ukurasa. Sentensi isiyo na ukurasa haihesabiwi; kuwa mkali hapo, kwa sababu wanafunzi wengi wamezoea kusema mambo ya kitabu waliyoyasikia kwa wenzao wa kidato cha juu.

Sura za mwanzo, upande wa kulia hujaa upesi. Kadiri mnavyosonga, mambo yanahama kutoka kulia kwenda kushoto: mtoto naye sasa amejua. Mkikaribia mwisho, kama mwandishi ni hodari, kuna siku upande wa kushoto unapata jambo ambalo upande wa kulia haukuwahi kuwa nalo. Mtoto amejua kitu kuhusu mama yake ambacho msomaji hakukitegemea. Ukurasa huo ndio moyo wa riwaya, na wanafunzi wameufikia wenyewe bila kuonyeshwa. Nimeona darasa la kidato cha tatu, kipindi cha saa nane mchana ambapo kwa kawaida vichwa viko juu ya madawati, likibishana kwa sauti kama jambo fulani limeshahama au bado.

Angalia pia nani anasimulia. Riwaya ya nafsi ya kwanza ina watu wawili ndani ya mimi mmoja: mtoto aliyekuwepo pale, na mtu mzima anayekumbuka. Ukikutana na sentensi nzito, uliza: huyu anayesema ni wa miaka 9 au wa miaka 30? Mara nyingi jibu liko kwenye kitenzi au kwenye neno ambalo mtoto wa umri ule asingekuwa nalo. Swali hilo dogo linafungua mambo kuliko somo zima la kueleza maana ya usimulizi.

Kabla hujafundisha riwaya yoyote ya aina hii, soma wewe mwenyewe Weep Not, Child ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964. Si ya kipindi chako cha Kiswahili, lakini itakunoa jicho. Njoroge anaulizwa na mama yake, Nyokabi, kama angependa kwenda shule, na tangu hapo tumaini la nyumba nzima linakaa juu ya mabega yake. Kaka yake Kamau anabaki kwa fundi seremala. Wanafunzi wa Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa jambo hili. Babu zao wengi walisomeshwa kwa kahawa iliyopitia KNCU, ushirika ulioanza mwaka 1933, na pesa ya kahawa isipowatosha watoto wote, mmoja alitangulia na wengine wakabaki na jembe. Usisahau kwamba darasani mwako kuna mtoto wa yule aliyetangulia na mtoto wa yule aliyebaki. Mmoja ataisoma hadithi akiwa upande wa Njoroge. Mwingine, kimyakimya, atakuwa anamtafuta Kamau kila ukurasa. Mpe huyo wa pili nafasi ya kusema, kwa sababu ataona mambo ambayo hata wewe huyaoni.

Mfuatilie na Ngotho, baba yao. Njoroge anamwona kama nguzo. Boro, kaka aliyerudi kutoka vitani, anamlaumu kwa ardhi waliyopoteza. Baadaye, katika miaka ya hali ya hatari nchini Kenya, Ngotho anakiri kosa ambalo hakulitenda ili kumwokoa mwanawe. Ni baba yule yule katika macho ya watoto wawili, kisha anafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelitegemea kwake. Nakuomba uwakumbushe wanafunzi kwamba kuielewa familia, ndani ya riwaya kama hii, maana yake ni mtoto kugundua kuwa wazazi walikuwa watu kabla yeye hajazaliwa: walikuwa na hofu yao, deni lao, ndugu yao aliyepotea, kiwanja chao walichonyang'anywa.

Katika Kiswahili, utakutana na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, baba yao Lomolomo anakunywa, mama anapika na kuuza chakula. Uchambuzi wa kopi utakuambia utoe hoja kuhusu ulevi wa Lomolomo. Hoja hizo zipo, na utazitoa. Ila jaribu kwanza swali hili: watoto hawa wanajua nini kuhusu mama yao ambacho baba yao hakijui? Darasa litanyamaza kidogo. Kisha atajitokeza mmoja ambaye mama yake anauza ndizi Kiboriloni au anapika wali na maharage karibu na stendi, na ataanza kusema juu ya mikono, moshi, saa ya kuamka, mahali pesa inapofichwa. Yeye anazungumza juu ya Mama N'tilie. Usimwambie kwamba umejua anazungumza juu ya nani mwingine.

Hapa Moshi una msaada mkubwa ambao wenzako wa sehemu nyingine hawana, nao ni Desemba. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa, magari yanapanda milimani usiku na mchana, na watoto waliozaliwa Pasua, Njoro au Soweto wanapelekwa kule wanakoambiwa ndiko kwao: Kibosho, Uru, Machame, Marangu, Rombo. Wanalala chumba kimoja na binamu wasiowajua vizuri. Kunachinjwa, kuna mtori na kisusio, wazee wana mbege yao. Na katika wiki ile moja mtoto anaona mambo mengi kuliko mwaka mzima wa mjini. Baba ambaye nyumbani sauti yake hufika hadi kwa jirani, mbele ya babu anakaa kama mwanafunzi. Baba wakubwa wawili wanapeana mkono bila kutazamana. Kuna kaburi kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo, chini ya migomba, ambalo bibi hulifagia peke yake na hakuna anayesema ni la nani. Kuna mazungumzo juu ya nani atabaki na nyumba ya wazee, ambayo kwa desturi huangukia kwa mtoto wa mwisho wa kiume, na mazungumzo hayo hukatika mtoto anapoingia na sinia.

Hivyo ndivyo mtoto wa riwaya anavyoipata familia yake: kwa sentensi zilizokatika, kwa nani kakaa karibu na nani, kwa jina lisilotajwa. Mwandishi hahitaji kumwekea mzee wa kumweleza kila kitu. Wanafunzi wako wanaijua elimu hiyo ya Desemba mwilini, ila hakuna aliyewaambia kwamba ni elimu ya kusomea riwaya.

Shule zikifunguliwa Januari, kabla ya kugawa vitabu, wape zoezi. Waandike nusu ukurasa kuhusu mtoto wa kubuni, wa miaka 8 au 9, aliye jikoni mkesha wa Krismasi akiwasikia wakubwa wakizungumza jambo asilolielewa. Mtoto huyo asielewe mpaka mwisho wa ukurasa, na mwandishi asimweleze msomaji. Kwa mwanafunzi wa Majengo anayesherehekea Idd, iwe usiku wa kuamkia Idd. Sharti la mtoto wa kubuni usililegeze, nitaeleza kwa nini.

Kuna karatasi moja ya zoezi hili ambayo sijaisahau. Mtoto wa kwenye hadithi anasikia wakubwa wakisema kihamba hiki hakigawanyiki. Kesho yake alfajiri anatoka peke yake, anapima kwa hatua zake kutoka mgomba hadi mgomba, mpaka kwenye mstari wa masale, ile mimea ya mpakani, ili awaletee wakubwa habari njema kwamba kinagawanyika vizuri tu, hata nafasi ya kuku inabaki. Hadithi inaishia mtoto akirudi ndani na hesabu yake. Nililisomea darasa, kwa ruhusa ya mwenye karatasi, kisha nikauliza: upande wa kulia kuna nini? Walijaza ubao mzima. Hakuna uchambuzi wa kopi ambao ungewafundisha vile, kwa nusu saa, kwamba matumaini ya mtoto humwonyesha msomaji ugomvi wa wakubwa bila mtu yeyote kuutaja.

Jambo la undugu nalo litazame. Majibu ya mtihani yamezoea familia ya baba, mama na watoto, na yeyote aliye nje ya hapo anaitwa mlezi au, vibaya zaidi, mtoto anaitwa yatima hata kama bibi yake na mama mkubwa wamemlea kwa miaka yote. Riwaya zetu hazisemi hivyo, wala nyumba zetu. Kitabu cha Ngũgĩ kinafika mwisho Njoroge akiwafungulia mlango mama zake wawili. Nyokabi na Njeri ni wake za baba mmoja, na kwa mtoto wote ni mama. Mwanafunzi atakayeandika kwamba Njoroge ana mama mmoja na mama wa kambo amepitia kitabu kizima bila kuingia kwenye ile nyumba. Katika riwaya yoyote utakayofundisha, mwulize mwanafunzi mtoto anamwita nani mama, anamwita nani baba, na kuanzia ukurasa gani mwito huo unabadilika. Mwito ukibadilika, kuna jambo limetokea.

Utaona pia kwamba wanafunzi wa hapa wanapenda mno upatanisho. Wengi wamekulia penye desturi ya isale, ambapo mkosaji akileta jani la mmea ule wa mpakani kuomba msamaha, ni jambo zito kumkatalia. Basi wakifika sura ya mwisho wanasubiri baba alete isale. Riwaya nyingine humleta. Nyingi hazimleti, na wanafunzi wanakasirika, wanasema mwandishi hakumaliza. Usimtetee mwandishi haraka. Wape muda wa kukasirika, halafu warudishe kwenye daftari. Mtoto anaweza kuelewa kabisa kwa nini baba yake anakunywa, akajua hadi mwaka ulioanza na jambo lililouanzisha, na bado akafunga mzigo wake akaondoka. Ameelewa, na hajasamehe, na pengine hajaombwa. Mwingine husamehe bila kuelewa chochote, kwa sababu ya upendo tu. Waache wabishane yupi yumo kwenye kitabu chao.

Swali ninalolipenda kwa sura ya mwisho ni hili: mtoto ameacha kutumaini nini, na ameanza kutumaini nini badala yake? Katika riwaya nilizozifundisha, jibu huwa na sura inayofanana, ijapokuwa si lazima. Mwanzoni anatumaini wakubwa watabadilika. Mwishoni anatumaini kitu kilicho ndani ya uwezo wake: kumsomesha mdogo wake, kurudi shule, kusema ukweli uliofichwa, kulijua kaburi lile ni la nani. Ukimpata mwanafunzi aliyeona mabadiliko hayo na kuyathibitisha kwa kurasa mbili, ya mwanzo na ya mwisho, amefika.

Sasa niseme kuhusu sharti la mtoto wa kubuni, na hapa nakuomba uwe mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Usimpe mwanafunzi kazi ya kuandika kuhusu familia yake mwenyewe. Usiulize darasani nani analelewa na bibi, nani hana baba. Hata lile swali la kawaida la Moshi, kwenu wapi, ambalo utalisikia kila mahali na linaulizwa kwa upendo, usilifanye swali la darasa. Yupo asiyejua kwao ni wapi na ambaye amejifunza kutaja kijiji cha rafiki yake. Sura ngumu, za kupigwa au kutelekezwa, zisome wewe kwa sauti yako, usimwite mtu kwa namba ya orodha asome. Mwanafunzi akiomba kutoka nje, mruhusu bila maswali, na umtazame akirudi.

Wakati mwingine karatasi ya hadithi ya kubuni itakuwa na jambo lisilo la kubuni. Utalijua. Usiisome mbele ya watu, usimhoji mtoto kama askari, na usimwahidi kwamba utalifanya siri, kwa sababu huenda usiweze. Mwambie umemsikia na kwamba mtatafuta msaada pamoja. Kisha nenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha na mkuu wa shule. Kuna ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na kuna simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, isiyo na malipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo hata yule kijana mrefu wa kidato cha nne anayenyoa ndevu anaweza kuwa ndani yake. Jua majina na ofisi za watu hawa wiki yako ya kwanza, kabla hujazihitaji.

Mtihani je? Najua ndilo swali utakaloulizwa na mkuu wa idara, na lina haki yake. Swali la kidato cha nne litataka hoja, na hoja zinataka mifano kutoka kitabuni. Mwanafunzi mwenye daftari la safu mbili ana mifano hiyo tayari, pamoja na kurasa, kwa maneno yake. Kinachobaki ni kumfundisha kupanga: huu mhamo wa ukurasa fulani ni mgogoro, huu ni ujumbe, hii ni tabia ya mhusika, hii ni mandhari. Wiki mbili za mwisho zinatosha kwa kazi hiyo.

Vitabu vitakuwa vichache, pengine nakala moja kwa dawati zima. Soma kwa sauti, soma polepole, na ishia mahali ambapo mtoto bado anasubiri jibu. Anayetaka kujua zaidi ataazima nakala jioni, na watagombania.

Ule uchambuzi wa kopi usiutupe, lakini usiutoe hadi mmemaliza kitabu. Ukiutoa, waambie waweke alama kila mahali unapopingana na madaftari yao, kisha mkae na kitabu katikati muamue kwa ushahidi wa ukurasa nani yuko sahihi. Mara nyingine uchambuzi utashinda, na wakubali. Vipindi viwili vya ubishi huo vinatosha. Cha tatu, wape swali la mtihani wa miaka iliyopita, waliandike kwa dakika 40 bila kufungua kitu chochote.